Alama ya Mama

Mwalimu hakuwahi kumpa mtu kumi. Nimekaa naye jengo moja, ngazi moja, mlango kwa mlango, miaka thelathini na sita, na nayasema haya kwa uhakika wa mtu aliyemwona akisahihisha madaftari kwenye meza ya jikoni huku uji ukifurika nyuma yake. Vitu vingine anatoa. Ukitaka sukari, mwavuli, hata kitanda chake ukifikiwa na wageni, utapewa kabla hujamaliza kuomba. Lakini kwenye alama, bibi yule ana mkono wa birika.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," ndilo jibu lake ukimuuliza sababu. Mimi humwambia kwamba mgema asiposifiwa hata siku moja, naye hushuka mnazini akaenda zake. Tulibishana hivyo miaka nenda miaka rudi, na tulikuwa tukicheka.

Mimi ni mkunga mstaafu. Mwenzetu wa tatu ni Mshonaji, ambaye bado ana duka lake la kushona pale chini ya jengo letu, na ndiye mdogo wetu kwa sababu ana sitini na moja tu. Sote hatuna waume. Wa Mwalimu alifariki binti yao akiwa na miaka minne, wangu akafuata baadaye, na wa Mshonaji yuko hai ila haijulikani anakula wapi. Mwaka tuliostaafu mimi na Mwalimu, tuliamua kuwa tunakwenda kula nje, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa saba mchana, mkahawa mpya kila mara. Tulisema tumewapikia watu vya kutosha. Sasa na sisi tupikiwe, na tukishapikiwa tutoe kasoro.

Na kasoro tulizitoa! Tuliingia kama watu wasiojulikana, kila mmoja akaagiza chakula tofauti na mwenzake, kila mmoja akajilipia. Mwalimu hukaa akiutazama mlango wa jikoni, maana anasema mpishi humjui kwa sahani, unamjua mlango unapofunguka. Mshonaji hushika kitambaa cha meza akageuza pindo lake kuona upande wa nyuma. Mimi huenda chooni. Msinicheke. Mtu aliyefanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini na saba anajua kwamba palipokosekana sabuni chooni, hata kachumbari ya mezani si ya kuaminiwa. Kisha tunapima kelele. Mwalimu husema jambo kwa sauti yake ya kawaida, na Mshonaji aliye ng'ambo ya meza asipoitikia, mahali hapo pamepoteza alama mbili.

Tukishakula hatuzungumzi. Kila mmoja anaandika alama yake juu ya kumi kwenye kikaratasi, anakikunja, anakiweka chini ya kisahani, ndipo Mshonaji anavifungua na kuvisoma. Kilichoandikwa hakibadilishwi. Hiyo ni sheria ya Mwalimu, kaileta kutoka vyumba vya mitihani. Mpwa wa Mshonaji alitufungulia ukurasa kwenye simu tuwe tunaweka alama zetu huko, kwa mzaha tu, lakini watu walitupenda. Wakafika elfu, wakafika elfu kadhaa, na wenye mikahawa wakaanza kuwaogopa wamama watatu wanaokaa kimya.

Tulikwenda mahali penye taa hamsini na supu baridi, Mwalimu akatoa tatu. Tulikwenda mahali ambapo muziki ulipigwa kwa nguvu mpaka nikajikuta natafuna kwa kuufuata mdundo. Mahali pengine mhudumu alituimbia orodha ya vyakula ishirini na moja, na tulipoagiza akasema vimebaki viwili. Alama kubwa kuliko zote alizotoa Mwalimu kwa miaka minne ilikuwa nane, akaipa hoteli moja iliyo juu kabisa, unapanda kwa lifti. Njiani kurudi akaijutia. "Nilikuwa na njaa," alisema.

Sasa nimseme binti.

Binti wa Mwalimu nilimpokea mimi, kwa mikono hii, miaka mitatu kabla hatujawa majirani. Alizaliwa saa nne asubuhi, ana nywele hadi masikioni, na analia kwa hasira. Mama yake akauliza, "Uzito?" Nikamwambia. Akasema, "Si mbaya." Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya mtoto yule duniani. Baadaye akasoma shule aliyofundisha mama yake, na miaka miwili akakaa darasa la mama yake, akawa wa pili kila muhula. Siku moja Mwalimu alinisimulia kwa fahari, tukiwa tunaanua nguo, kwamba mtoto angekuwa wa kwanza, ila yeye humkata alama mbili tatu kila mtihani. "Ili mtu asije kusema nampendelea," alisema. Mimi nilicheka, nikamwambia, "Wewe nawe!" Nikakunja shuka zangu nikaingia ndani. Kicheko kile kinanikera mpaka leo, kwa sababu niliyajua na nikanyamaza.

Binti alikua, akapata kazi ya ofisini kwenye bima, kiti cha kuzunguka na kila kitu. Akaiacha. Akaenda kumenya vitunguu kwenye majiko ya watu, akapanda pole pole, akawa mtu wa supu, akawa mtu wa mchuzi, akawa mpishi. Mama yake alikaa miezi miwili bila kumsemesha. Waliposemeshana tena walizungumzia hali ya hewa. Miaka sita baadaye binti akafungua mkahawa wake mwenyewe, na hata watu wa ukurasa wetu walijua ni binti wa nani.

Alikuja kwangu, si kwa mama yake. Alikaa kwenye stuli yangu ya jikoni akitazama vidole vyake vilivyojaa makovu ya visu.

"Mama mkubwa," aliniambia, "nataka mje Jumamosi yenu ya mwisho wa mwezi. Lakini msije kama ndugu. Njooni kama mnavyokwenda kwingine, na vikaratasi vyenu."

"Mwanangu, kwa nini ujitafutie balaa? Njoo utupikie hapa nyumbani, tutakusifia mpaka uchoke."

"Sitaki kusifiwa. Nataka alama ya mama." Akacheka kidogo, ila macho hayakucheka. "Nina miaka thelathini na tisa na bado naitaka. Si vichekesho? Wateja wanasifu, nashukuru, nikigeuka nimesahau. Mama akisema ni saba, nitajua ni saba. Yeye hadanganyi."

Nilimpelekea Mwalimu ujumbe. Akaifuta meza ambayo haikuwa chafu. "Tutakwenda," alisema. "Kama tunavyokwenda kwingine."

Mkahawa wenyewe ulikuwa kwenye kona, mahali palipokuwa duka la rangi. Meza kumi na nne, viti visivyofanana, madirisha makubwa yaliyoingiza mwanga hadi ukutani. Tulipofika zilibaki meza mbili tupu. Kelele zilikuwepo, lakini zilikuwa zile za watu wanaokula vizuri: vijiko, vicheko, mtu anamwita mhudumu aongezewe mkate. Mwalimu akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Feni ile ina vumbi." Mshonaji akajibu papo hapo, "Ipi?" Nikaenda chooni, nikakuta sabuni, maji na taulo za karatasi, na sakafu kavu. Vitambaa vya meza vilikuwa vimekunjwa pindo mara mbili. Mshonaji alilishika pindo lile kwa muda, akaliachia bila neno. Mlango wa jikoni ulipofunguka tulimwona binti, kitambaa kichwani, anafuta ukingo wa sahani kabla haijatoka, anaita oda kwa sauti iliyotulia, na mtu mmoja ndani kule anamchekesha.

Sasa chakula. Mshonaji alipata samaki wa kuchoma, ngozi inavunjika kwa uma, ndani bado ana maji yake. Mimi nilipata kuku na wali ambao kila punje imesimama peke yake. Mwalimu aliagiza supu ya maboga, kisha nyama iliyopikwa pole pole na viazi. Nimekula chumvi nyingi, katika maisha na katika mikahawa, na nasema sijala kuku kama yule. Moyoni nikasema tisa. Nikamtazama Mwalimu. Yeye siku zote huacha theluthi ya chakula, maana anasema tumbo lililoshiba halihukumu. Siku ile alifuta sahani kwa mkate.

Tukachukua vikaratasi.

Nataka niseme wazi nilichofanya. Kalamu ilikuwa inaandika tisa, nikaizuia. Nikafikiri: Mwalimu atanitazama. Atasema, umempa kwa sababu ulimzalisha. Wale wa kwenye ukurasa watasema, wamama wale wameanza kubebana. Nikaandika sita. Tena nilipoikunja ile karatasi nilijiona mtu wa haki, nikakaa wima kwenye kiti.

Binti akatoka jikoni anafuta mikono kwenye aproni. "Leo naomba nivisome mimi," alisema. Mshonaji akamtazama Mwalimu, Mwalimu akainamisha kichwa kukubali.

Akafungua cha kwanza. "Sita." Hicho changu. Akafungua cha pili. "Tano." Cha Mshonaji. Cha tatu hakukisoma mara moja. Kilikuwa cha wino mwekundu, na mwandiko ule aliujua tangu hajajua kufunga kamba za viatu.

"Nne," alisema.

Hakulia. Wodini niliona watu wengi wakipokea habari mbaya, na wanaopiga kelele huwa ndio wanaopona upesi. Yeye alivikunja vikaratasi vyote vitatu vile vile vilivyokuwa, akavirudisha chini ya visahani. "Asanteni sana, mama zangu. Karibuni tena." Kisha akarudi jikoni, na kwa mbali tulimsikia akiita oda ya meza ya saba.

Mshonaji aliweka alama zile kwenye ukurasa jioni ile, kama kawaida. Wastani wake ni tano. Hata mahali penye muziki wa nguvu palipata zaidi. Na watu walitusifu! Waliandika kwamba hawa ndio waamuzi, hata mtoto wa Mwalimu hawakumwonea haya. Mmoja akaandika kwamba nchi ingekuwa na viongozi kama wamama hawa tungekuwa mbali. Mwalimu alinisomea maneno yale mlangoni pangu akiwa amevaa miwani, na uso wake haukuonyesha kitu. Jumapili watu kumi na wawili waliokuwa wamewekewa meza pale kwa binti walipiga simu kusema hawaji.

Jumatatu nilishindwa kukaa ndani. Nilishuka dukani kwa Mshonaji nikamkuta mguu uko kwenye cherehani lakini cherehani haiendi.

"Dada," alisema bila kunisalimu, "samaki yule."

"Usiniambie habari za samaki. Ulimpa tano."

"Nilitaka kumpa tisa. Nikaogopa. Nikasema ninyi mtasema namfurahisha Mwalimu kwa sababu ndiye aliyenitafutia duka hili. Nikajua wewe utampa tisa, kwa hiyo tano yangu haitamdhuru." Akanitazama. "Kwa nini ulimpa sita?"

Nikamwambia. Tukabaki tunatazamana kama watu waliokutana dirishani, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwizi. Kila mmoja wetu alipunguza akitegemea mwenzake atajaza. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Huyu alicheza kwao, na walio kwao wakakunja mikono ili waonekane watu wa haki.

Tukapanda ngazi. Mwalimu alikuwa jikoni kwake, kwenye ile meza, hana kitabu wala redio. Nilimwambia yetu yote bila kupumzika. Kisha nikamuuliza, "Na wewe? Chakula kile kwako kilikuwa nne? Sahani uliifuta kwa mkate, nilikuona."

Aliusogeza mkono wake wa kulia mbele yake, akautazama.

"Kumi," alisema.

Mshonaji akashika kifua.

"Nilianza kuiandika. Moja ilikuwa imeshaandikwa. Nikauona mkono wangu, nikajiambia, anayeandika hapa si mwalimu, ni mama. Basi nikaigeuza ile moja ikawa nne."

Nilikasirika kama sijawahi kukasirika na mtu ninayempenda. Nilimfokea. Nilimwambia kwamba mtoto yule alikatwa alama darasani akiwa na miaka kumi na moja, amekatwa tena akiwa na nywele za mvi, na mwenye wembe ni yule yule. Nilimwambia uadilifu gani huo unaomlipa mgeni haki yake na kumnyang'anya wa tumboni mwako. Nilipomaliza nilivuta kiti nikakaa, maana nilijua nusu ya maneno yale yalinihusu mimi mwenyewe. Mwalimu hakujitetea. Alisema tu, "Nilidhani ndiyo namlinda. Asije akasimama juu ya alama za mama, akaanguka siku mama hayupo."

Tukakubaliana kurudi Jumamosi ya wiki ile ile, bila kungoja mwisho wa mwezi. Sheria ya kutobadilisha kilichoandikwa Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema ife.

Safari hii meza tupu zilikuwa nyingi, tukachagua ya katikati. Binti alitoka kutusalimia kwa adabu zote, akatuinamia mmoja mmoja, akauliza tutakunywa nini. Nikamshika mkono, nikamwomba akae. Hakukaa. Basi nikamweleza akiwa amesimama, yote, tisa yangu na tisa ya Mshonaji, na hofu yetu ya kuambiwa tunapendelea.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mama mkubwa," alisema, "watu msiowajua mnawaambia kweli. Mimi ndiye mliyenidanganya."

"Mwanangu, haikuwa nia yetu."

"Najua. Hilo ndilo linaloniuma, mngekuwa na nia mbaya ningewakasirikia nikamaliza."

Hapo Mwalimu akasimama. Kiti chake kilikwaruza sakafu, watu wakageuka. Akatoa ile sauti iliyonyamazisha madarasa ya watoto sitini, na haikuwa imepungua hata kidogo.

"Nimesahihisha kazi za watu miaka thelathini na mbili," alisema. "Sijampa mtu kumi. Siwapi kwa sababu sijaona kazi isiyo na kosa. Jumamosi iliyopita nilikula hapa chakula kisicho na kosa, nikaandika uongo kwa sababu mpishi ni mwanangu. Alama yangu ni kumi. Nawaambieni nyote, ni kumi."

Jamani, ukumbi ulilipuka. Watu wasiotujua walipiga makofi, mzee mmoja aligonga meza kwa kijiko, wahudumu walitoka wakasimama mlangoni mwa jikoni wakishangilia. Mshonaji alikuwa analia na kucheka pamoja. Nami nilisema moyoni, basi, yamekwisha, tumeyazoa maji yaliyomwagika.

Binti alimshika mama yake mabega akamkalisha taratibu. Akainama, na kwa kuwa mimi nilikuwa kiti cha pili niliyasikia yote.

"Mama, ile nne niliiamini," alisema. "Nililia, lakini niliiamini. Siku saba nimeonja ile supu asubuhi na jioni, natafuta kosa uliloliona, nimebadilisha chumvi, nimebadilisha moto, nimewagombeza watu wangu. Sasa unaniambia halikuwepo."

"Halikuwepo, mwanangu. Ni kumi ya kweli."

"Huenda." Alimnyooshea mama yake ukosi wa gauni, kama mtu anayemtengeneza mtoto kabla ya kumpeleka shule. "Ila sitaijua tena, mama. Ulikuwa mtu pekee ambaye akisema najua ndivyo ilivyo. Leo hata kumi yako sijui ni ya chakula au ni ya kunionea huruma."

Mtu aliita oda kutoka ndani. Binti akasema anakuja, akatutakia chakula chema, akaenda.

Mwalimu alibaki ameweka mikono miwili juu ya kitambaa cha meza. "Nifanyeje?" aliniuliza, yeye ambaye miaka thelathini na sita hajawahi kuniuliza neno hilo. Meza ya jirani walikuwa bado wanapiga makofi.